Mairungi na Sheria za Ugenini

Kijana wa Arua au Koboko anayeazimia safari ya Saudia au Imarati, naye amekua akiyaona mairungi yakifungwa vitita ndani ya majani ya mgomba, hana budi kufahamu kwamba mairungi huko ni haramu kwa sheria ya dola, na kwamba kitita kimoja mkobani, ijapokuwa ni amana ya jirani tu, chatosha kumtia gerezani. Mzigo usioukagua mwenyewe, usiubebe.

Kwa wanaokwenda huko kufanya kazi, Uganda ilitia saini mapatano ya wafanyakazi na Saudia mwaka 2015, na Imarati mwaka 2019. Hata hivyo, ndugu zangu, kabla ya kumlipa wakala wa ajira hata shilingi, iulizeni Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kama leseni yake ni halali, na nakala ya pasipoti iacheni kwa wazazi.