Kioo cha Fundi wa Filamu

Fungueni madaftari, shikeni kalamu. Leo mna hesabu ya kugawanya.

Mnajua kwamba picha ya filamu haitembei. Ni picha nyingi zilizosimama, zinazofuatana upesi hata jicho likadanganyika. Je, ni ngapi katika sekunde moja? Hapo watu hawakupatana. Filamu za sinema zina picha 24. Televisheni ya nchi zenye umeme wa mizunguko 50, kama Kenya, Tanzania na Uingereza, ilishika 25. Marekani, yenye umeme wa mizunguko 60, ilishika 30. Na mwaka 1953, kwa ajili ya televisheni ya rangi, hesabu hiyo ikapunguzwa kidogo ikawa 29.97. Kipande hicho kidogo kinawasumbua mafundi mpaka leo.

Sasa mfikirieni fundi wa filamu za arusi, tuseme yuko Mwanza. Anakata na kuunga picha kwa kompyuta, na kando amefunga kioo cha pili ili aone vizuri. Filamu yake ina picha 25 kwa sekunde. Kioo kimewekwa kuonyesha mara 60 kwa sekunde, kama vilivyo vioo vingi vya kompyuta. Bibi arusi anaingia ukumbini, lakini anasitasita kama mtu mwenye mwiba mguuni. Fundi anasema, "Mpiga picha ameharibu kazi." Anataka kumkata ujira.

Je, ni haki? Gawanyeni 60 kwa 25. Jibu ni 2.4, wala picha haiwezi kuonyeshwa mara mbili na nukta nne. Basi kioo huonyesha picha ya kwanza mara 2, ya pili mara 3, kisha 2, kisha 3, kisha 2. Jumlisheni: mara 12 kwa picha 5. Moja inakaa zaidi, nyingine inapita upesi, na huko ndiko kunakotoka kusitasita. Filamu yenyewe ni nzima. Mpiga picha apewe fedha yake.

Fundi afungue mahali pa kupanga kioo, atafute herufi Hz, aweke 50. Kila picha itaonyeshwa mara 2 sawasawa. Kioo cha 100 kinafaa pia. Cha 120 ni kizuri kwa picha 24 na 30, bali kwa 25 hakifai.

Lakini asije akageuza filamu yenyewe iwe ya picha 30 ili kukipendeza kioo! Kompyuta itarudia picha moja katika kila tano, na kile kilichokuwa kasoro ya kioo kitaingia ndani ya filamu aliyopewa bwana arusi.

Mara nyingine kioo huwa cheusi kabisa, na watu hukimbilia kununua waya mpya. Kwanza someni kitabu kilichokuja na kioo, ukurasa wa vipimo. Vioo vingine havipokei picha 24. Na kama kuna kisanduku katikati ya kompyuta na kioo, tazameni tarakimu zake pia, maana mara nyingi yeye ndiye mgomvi.

Zoezi la nyumbani: filamu ya picha 24, kioo cha mara 60. Kila picha ionyeshwe mara ngapi? Tutalisahihisha kipindi kijacho. Kwaherini.