Kodi, Bajeti na Haki ya Kuuliza

(Hotuba iliyotolewa mjini Same katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya Bunge na fedha za Serikali. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu nilifanya kazi ya uhasibu mpaka nikastaafu. Najua pia kwamba harufu ya pilau imekwisha kufika ukumbini, na sitaki kushindana nayo. Neno langu ni moja tu: wakati wa dhiki ndio wakati wa kuuliza zaidi juu ya fedha za umma.

Ninyi mnaotoka milimani mnaifahamu ndiva. Wazee walichimba bwawa, wakatoa mifereji, wakapanga zamu za kumwagilia. Masika mto ukijaa, hakuna anayehesabu zamu ya mwenzake. Lakini kiangazi kikikaza, kila mtu aliyefika kwenye msaragambo anajua siku yake na saa yake, na msimamizi akimpendelea shemeji yake, habari hiyo itafika bondeni kabla ya maji yenyewe. Sijapata kumsikia Mpare akisema, "Maji mwaka huu ni machache, kwa hiyo tusiulize yanakokwenda." Basi bajeti ya nchi ni ndiva yetu sote.

Wazee wetu waliielewa hesabu hii kabla Tanganyika haijapata uhuru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, utawala wa wenyeji chini ya Waingereza ulileta Upare kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya kila mtu. Ikaitwa mbiru, jina la kale la ushuru uliotolewa kwa watawala. Ililipwa juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo. Jambo lililowachoma watu ni kwamba mtu alipangiwa kiwango kwa kukisiwa mashamba na mifugo yake, wala hakuonyeshwa hesabu ilivyofanywa. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakaja hapa hapa Same, yalipokuwa makao makuu ya wilaya, wakakaa. Wanawake waliwaletea chakula, na baadaye wakaandamana wenyewe huko Usangi, wakimtaka mtawala amalize ugomvi ili waume zao warudi nyumbani. Mwaka 1947 kodi ile ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwana wa Upare, ameyaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1971.

Wanafunzi, zingatieni jambo moja. Watu wale hawakukataa kulipa. Walikuwa tayari kulipa kiwango kimoja kinachojulikana na wote. Walichokataa ni kutozwa kwa hesabu iliyofichwa. Tena walikataa katikati ya vita na shida, wakati ambapo ingekuwa rahisi kuwaambia wanyamaze kwa kuwa hali ni mbaya.

Sasa nije kwenye dhiki ninayoikumbuka mimi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikafuata, 1978 mpaka 1979, na bei ya mafuta ikapanda. Mazao yetu, kahawa na mkonge, hayakuleta fedha za kigeni za kutosha. Ninyi vijana mnapanga foleni ya kutoa fedha benki. Sisi tulipanga foleni ya sabuni. Mwalimu aliyepata mche mmoja wa sabuni aliukata vipande akagawana na jirani.

Juni 1984 aliyesimama Bungeni kusoma bajeti alikuwa Waziri wa Fedha, Ndugu Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi aliyekwisha kuwa Waziri Mkuu, na ambaye alifariki Mei 2025. Nilikuwa kidato cha tatu, na tuliisikiliza redio mpaka betri zikachoka. Shilingi ilishushwa thamani: dola moja ya Marekani iliyokuwa shilingi 12 ikawa shilingi 17. Ruzuku ya sembe ikaondolewa. Kima cha chini cha mshahara kikapandishwa, na bei za mazao ya wakulima pia. Wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Haukupita muda madukani kukaonekana vitu tulivyokuwa tumevisahau, lakini si kila mkono uliweza kuvifikia. Ada za sekondari nazo zikarudi, na baba zetu wakaanza kuhesabu mbuzi.

Dawa ile ilikuwa chungu. Sikusudii leo kuamua kama ilikuwa dawa sahihi. Wachumi wanaendelea kubishana. Ninachosema ni kwamba ilisomwa hadharani, tarakimu kwa tarakimu, mbele ya wawakilishi wa wananchi. Mama wa Gonja au Chome aliyelipa zaidi kwa kilo ya sembe alijua ni nani aliyeamua na alitoa sababu gani. Hapo ndipo kuuliza kunapoanzia.

Wala msidhani Bunge la chama kimoja lilikuwa bubu. Mwaka 1973 wabunge waliukataa muswada wa Serikali wa kodi ya mapato. Mwalimu Nyerere aliwakumbusha kwamba Rais anaweza kuvunja Bunge, na mwishowe muswada ukapita. Mamlaka hayo yamo katika Katiba mpaka leo: Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Kwa hiyo mbunge anayesema hapana kwenye bajeti anajua kwamba anakiweka rehani kiti chake mwenyewe. Tunapomlaumu kwa kusema ndiyo mara nyingi mno, tulikumbuke na hilo.

Lakini zipo njia nyingine. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, likapitia fungu moja moja, mbunge asiyeridhika huweza kushika shilingi. Maana yake anatoa hoja mshahara wa waziri upunguzwe kwa shilingi moja. Shilingi moja hainunui hata pipi, ila waziri hawezi kukaa kimya. Lazima asimame aeleze. Akiridhisha, shilingi yake hurudishwa. Mimi huona hiyo ndiyo shilingi yenye thamani kuliko zote nchini, kwa sababu haijapata kushushwa.

Njia ya pili ni ukaguzi. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akague hesabu angalau mara moja kila mwaka na kumpa Rais taarifa, nayo hufikishwa Bungeni. Kamati za Bunge huwaita wakubwa wa wizara na wa halmashauri, Same ikiwamo, kujibu hoja zake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo watakaoniambia: "Mzee, wakati wa shida Serikali inahitaji haraka, maswali yanachelewesha." Hoja hiyo ina uzito wake. Nyumba ikiungua huulizi risiti ya ndoo. Lakini tazameni mwaka 2006. Ukame ulikausha mabwawa, umeme ukawa wa mgao, na kwa haraka ile ukaingiwa mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond. Bunge liliunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa yake iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumsikiliza, na mawaziri wawili wakajiuzulu pia. Dhiki ndiyo iliyoufungua mlango ule. Ndoo ikisha kumwagwa na moto ukizimika, risiti lazima itafutwe.

Na hapa kwetu? Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ulichukua takriban miaka kumi mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipouzindua Machi 2025. Katika miaka hiyo yote mama zetu walibeba ndoo. Kila bajeti iliyopita bila maji kufika ilikuwa na swali la kuulizwa.

Ndugu wanafunzi, tangu mwaka 2016 kidato cha kwanza mpaka cha nne hakitozwi ada, na tangu 2022 kidato cha tano na cha sita pia. Msiseme ni bure. Imelipwa, na ni fungu katika bajeti. Mnapojua hivyo mtauliza chaki iko wapi, tena kwa adabu, kama mtu anayeuliza juu ya mali yake. Mkirudi vijijini, hudhurieni mkutano mkuu wa kijiji, ambao hupaswa kufanyika kila miezi mitatu. Ombeni mapato na matumizi yasomwe. Asiyezoea kuuliza juu ya fedha za zahanati hatajua kumwuliza mbunge juu ya matrilioni.

Nasi wazee tuonyeshe mfano. Tumechanga fedha kwa ajili ya shule hii. Ndugu Mwenyekiti, naomba Mweka Hazina wetu asome hesabu hizo leo, senti kwa senti, mbele ya vijana hawa, na wao waruhusiwe kuuliza. Pilau itatungoja.