Mwanafunzi wa Kigeni Nchini Uingereza na Njia Halali za Kuingia Kwenye Biashara



Mwanafunzi anayefika Uingereza kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hakai muda mrefu kabla ya kuitwa kwenye biashara na ndugu au rafiki aliyetangulia. Mara nyingi ni biashara ya mizigo: mapipa, magodoro, majokofu na vipuri vya magari vinavyopakiwa kwenye kontena kwenda Mombasa au Dar. Wito huo ni wa nia njema, na wengi wetu tumesaidiwa na watu wa namna hiyo. Hata hivyo, kinachomfaa mwenye ukaazi wa kudumu kinaweza kumfukuzisha nchini mwenye viza ya masomo. Ndiyo maana nasema viza zipo, ila zina mpangilio wake, na anayeuruka mpangilio huo hulipa gharama kubwa.

Tuanze na viza ya masomo yenyewe. Kwa kawaida anayesoma shahada anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na muda wote wakati wa likizo rasmi. Wanafunzi wa uzamili waangalie hapa: miezi ya kiangazi ya kuandika tasnifu kwa kawaida huhesabiwa kuwa muhula, hata kama madarasa yamefungwa. Saa hizo zote ni za kuajiriwa. Kujiajiri hakuruhusiwi hata kwa saa moja, na hapo ndipo vijana wanaopeleka vyakula kwa baiskeli kupitia programu za simu wanaponaswa, kwa kuwa wengi wao kisheria wamejiajiri.

Chukulia binti anayesoma shahada ya uzamili Leicester, na kaka yake ana kampuni ya mizigo. Kaka akimwajiri kwa mkataba, akamlipa mshahara unaokatwa kodi na kumpa hati ya malipo kila mwezi, binti yuko salama ndani ya saa zake. Akimpa asilimia 10 ya hisa au zaidi huku anafanya kazi humo, tayari anahesabiwa kuwa anafanya biashara, na hilo limekatazwa. Akimwandikisha kuwa mkurugenzi na huku anaendelea na kazi pale ofisini, kosa ni lile lile, hata asipokuwa na hisa moja. Kuwa mbia katika biashara isiyo kampuni nako kumekatazwa.

Kinachowapotosha wengi ni wepesi wa usajili. Companies House husajili kampuni mtandaoni kwa muda mfupi, na kazi yake siyo kukagua viza ya mtu. Kwa hiyo kijana akipata cheti cha kampuni hudhani ameruhusiwa. Hajaruhusiwa. Daftari la Companies House li wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na tarehe aliyoteuliwa kuwa mkurugenzi hubaki pale hata baada ya kujiuzulu. Miaka kadhaa baadaye, akiomba viza nyingine, afisa anaweza kulinganisha tarehe hiyo na tarehe za viza yake ya masomo.

Hii haina maana kwamba mwanafunzi akae bila kufanya lolote. Anaweza kuandika mpango wa biashara, kuchunguza soko, kuzungumza na wateja watarajiwa na kujifunza hesabu, mradi biashara yenyewe haijaanza.

Akimaliza masomo, mlango mpana kuliko yote ni viza ya Graduate, iliyoanza Julai 2021. Huombwa ukiwa ndani ya Uingereza, kabla viza ya masomo haijaisha, na baada ya chuo kuiarifu serikali kwamba umefaulu. Haidai barua ya ajira wala mwajiri wa kukudhamini, na inaruhusu kujiajiri, kumiliki hisa na kuwa mkurugenzi. Binti yetu wa Leicester sasa anaweza kuwa mbia halisi wa kaka yake. Muda wake ni miaka miwili, au mitatu kwa mwenye shahada ya uzamivu. Watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 watapata miezi 18 tu, isipokuwa hao wa uzamivu. Viza hii haiongezwi na peke yake haimfikishi mtu kwenye ukaazi wa kudumu. Naona wengi huipoteza kwa kuahirisha uamuzi hadi miezi ya mwisho.

Baada ya hapo njia zinagawanyika. Viza ya Innovator Founder, iliyofunguliwa Aprili 2023, haina tena sharti la zamani la mtaji wa pauni 50,000. Humpa mtu miaka mitatu, na kwa kanuni za sasa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya hapo. Lazima taasisi iliyoteuliwa na serikali iidhinishe kwanza wazo lake: liwe jipya, litekelezeke, liweze kukua, na yeye awe amechangia kwa kiasi kikubwa kulibuni. Sharti linalotuhusu sana hapa ni kwamba huwezi kuitumia kujiunga na biashara ambayo tayari inafanya kazi. Kampuni ya mizigo ya kaka, hata iwe na faida kiasi gani, haifai kwa njia hii.

Kwa anayetaka kubaki kwenye kampuni iliyopo, njia inayobaki kwa kawaida ni viza ya Skilled Worker. Hapo kampuni yenyewe iwe na leseni ya udhamini, kazi iwe ya kweli na kwa kawaida ya ngazi ya shahada, na mshahara ufikie kiwango kilichowekwa. Tangu Julai 2025 kiwango cha jumla ni pauni 41,700 kwa mwaka, na 33,400 kwa wanaoanza, wakiwemo wengi wanaotoka kwenye viza ya masomo au ya Graduate. Kampuni ndogo ijiulize kwa uaminifu kama ina uwezo huo.

Napenda nisisitize hatari moja. Kijana huambiwa, “Weka pauni elfu kumi kwenye kampuni, tutakudhamini.” Tangu Aprili 2025, fedha ambazo mfanyakazi anaziingiza kwenye biashara ya mdhamini wake hutolewa kwenye hesabu ya mshahara unaotumika kupima maombi. Mpango huo unaweza kuyaangusha maombi, na fedha zikawa zimekwenda. Aidha, mwajiri haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi gharama za leseni wala za cheti cha udhamini. Anayekudai hizo anavunja kanuni, awe ndugu au mgeni.

Mwisho, ushauri wa uhamiaji Uingereza ni kazi inayodhibitiwa kisheria. Asiye wakili anayetoa ushauri huo bila kusajiliwa na Immigration Advice Authority kwa kawaida anatenda kosa la jinai, hata akiwa mtu maarufu kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Vyuo vingi vina ofisi ya wanafunzi wa kimataifa isiyotoza chochote. Nawaomba wanafunzi mliopo hapa mwende huko na rasimu ya mkataba mkononi, kabla ya kutia sahihi au kukubali hisa. Nanyi wafanyabiashara, msimwandikishe mwanafunzi ukurugenzi kabla hajapata viza inayomruhusu.