Kusoma Shehena kwa Mashine: Kumbukumbu Inayoandikwa Mzigo Ukiwa Mkononi

Kunasa taarifa kwa mashine ni kukitambua kitu, kurekodi utambulisho wake na kuupeleka kwenye kompyuta bila mtu kuandika wala kubonyeza tarakimu. Vyombo vya kazi hiyo ni vingi: msimbopau, kitambulisho cha redio, kamera inayosoma maandishi, mizani inayotuma uzito yenyewe. Vyote vinaziba pengo moja, lile lililopo kati ya mzigo na daftari. Katika bohari ya karatasi mzigo hupokelewa asubuhi, hati ya mapokezi hukaa mezani kwa karani hadi alasiri, na leja hujazwa kesho yake, pengine na mtu ambaye hata hakuuona mzigo wenyewe. Hapo ndipo katoni 48 zinapogeuka 84. Wengi hudhani mashine hununuliwa kwa ajili ya kasi. Kasi ipo kweli, lakini kinachobadilisha mambo zaidi ni kwamba tukio huandikwa palepale linapotokea, na anayeliandika ni yule aliyeushika mzigo.

Msimbopau ulianzia kwenye shida ya wauza vyakula. Mwaka 1948 Bernard Silver, mwanafunzi wa Drexel mjini Philadelphia, alimsikia mkuu wa kampuni ya maduka akimwomba mkuu wa kitivo atafute njia ya kusoma taarifa za bidhaa kwenye kaunta. Silver akamweleza mwenzake, Norman Joseph Woodland. Woodland alikuwa amejifunza alfabeti ya Morse alipokuwa skauti. Siku moja, akiwa ufukweni Miami, alichora nukta na vistari vya Morse mchangani, kisha akavivuta kwa vidole kuelekea chini, vikawa mistari minene na myembamba. Hataza yao ilitolewa mwaka 1952, lakini mwanga wa leza na kompyuta za bei nafuu vilikuwa bado. Ilibidi kungoja hadi tarehe 26 Juni 1974, pale pakiti ya chingamu ya Wrigley's Juicy Fruit ilipopitishwa kwenye kisomaji katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, kwa msimbo ambao George Laurer wa IBM alikuwa ameusanifu.

Nguvu ya msimbo huo imo katika tarakimu yake ya mwisho. Namba ya kawaida ya bidhaa ina tarakimu 13, na ya 13 ni ya uhakiki. Chukua namba ya mfano 620123456789. Ukijumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea unapata 26. Zile za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea zinafika 27, nazo huzidishwa kwa 3 zikawa 81. Jumla ni 107. Kufikia 110 inapungua 3, basi 3 ndiyo tarakimu ya uhakiki. Kisomaji hurudia hesabu hii kila mara, na jumla isipolingana hukataa. Tarakimu moja ikikosewa, kosa hunaswa daima. Mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, kosa hunaswa mara nyingi ila si zote: 1 na 6 zikipishana, au 2 na 7, hesabu inabaki ileile, kwa kuwa tofauti kati yao ni 5. Hakuna karani anayejihakiki kwa ukali huo kwenye kila mstari wa leja.

Namba hiyo haisemi bei, haisemi tarehe ya kuharibika, wala haisemi bidhaa ilitengenezwa wapi. Wanunuzi wengi huamini kuwa 616 mwanzoni maana yake imetengenezwa Kenya, na 620 Tanzania. Vianzio hivyo vinaonyesha tu ni shirika la nchi gani, chini ya GS1, mtandao wa kimataifa unaosimamia namba hizo, lililotoa namba kwa kampuni husika. Kiwanda chenyewe kinaweza kuwa popote. Namba ni ufunguo wa kufungulia rekodi iliyoko kwenye hifadhidata, na rekodi ikiwa mbovu kisomaji kitaleta ubovu huo kwa haraka na bila kusita. Bohari nyingi zinazonunua skana kabla ya kusafisha orodha za bidhaa zao hugundua jambo hilo kwa gharama.

Ubora wa usomaji nao hutegemea mazingira, na reli za Marekani zilijifunza hivyo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mabehewa yalibandikwa vibao vya mistari ya rangi, katika mfumo ulioitwa KarTrak, ili visomwe na mashine zilizosimama kando ya njia. Vibao vipya vilisomeka vizuri. Lakini behewa la mizigo halioshwi, na vumbi na grisi vilipokusanyika usomaji ukashuka. Kabla ya muongo uliofuata kwisha, mfumo ulikuwa umeachwa. Reli zilirudi kwenye utambuzi wa mashine katika miaka ya 1990 kwa vitambulisho vya redio, kimoja kila ubavu wa behewa, ambavyo haviujali uchafu.

Kitambulisho cha redio cha kawaida ghalani hakina betri. Ni kipande kidogo cha kompyuta kilichounganishwa na antena nyembamba ndani ya lebo. Kisomaji hutuma mawimbi, lebo hupata umeme kutoka kwenye mawimbi hayohayo, kisha hurudisha namba yake. Haihitaji kuonekana kwa macho, na lebo nyingi husomwa kwa mkupuo mmoja kutoka umbali wa mita kadhaa. Adui zake ni maji na chuma: maji hunyonya mawimbi ya masafa hayo, chuma huyarudisha. Paleti ya maji ya chupa ikipita langoni, katoni za katikati zinaweza kunyamaza kabisa. Mwaka 2003 Walmart iliwataka wasambazaji wake 100 wakubwa waweke vitambulisho kwenye katoni na paleti kufikia Januari 2005. Gharama na ugumu wa usomaji vikapunguza sana mwendo wa mpango huo. Maduka ya nguo, kwa upande mwingine, yaliipokea teknolojia hii vizuri. Nguo si maji wala chuma, na shati moja lenye saizi tano na rangi nne ni bidhaa ishirini tofauti, ambazo kuzihesabu kwa mkono ni adhabu.

Bandarini kinachosomwa zaidi ni kontena. Kila moja ina herufi nne, tarakimu sita na tarakimu ya uhakiki, na herufi za mmiliki husajiliwa katika ofisi moja iliyoko Paris. Kwa kuwa namba hiyo imeandikwa kwa maumbo makubwa ubavuni, kamera za langoni huweza kuisoma lori likiwa linatembea, na kompyuta ikailinganisha na hati ya kutolea mzigo. Kinachoharakishwa hapo ni foleni.

Safari ya barani ina tatizo jingine. Shehena inayopita Kenya kuelekea Uganda au Rwanda hailipiwi ushuru wa Kenya, hivyo kishawishi cha kuishusha njiani na kuiuza kimekuwepo siku zote. Zamani dawa yake ilikuwa maofisa wa forodha kusindikiza misafara ya malori. Tangu mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikitumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo, ambao msingi wake ni lakiri ya kielektroniki inayofungwa mlangoni mwa kontena. Lakiri hupata mahali ilipo kwa satelaiti na kutuma taarifa kupitia mtandao wa simu. Lori likiacha njia iliyopangwa au lakiri ikifunguliwa, kituo cha uangalizi hupata onyo, na kikosi kilicho karibu hutumwa. Ulinzi huo una mipaka: lakiri inaujua mlango, haikijui kilichomo. Mzigo uliotangazwa uongo tangu mwanzo utasafiri salama salimini hadi mpakani.

Katika kilimo jambo la kusomwa ni uzito. Korosho ya kusini mwa Tanzania huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, wenye sheria yake ya mwaka 2005. Mkulima hupima kwenye chama cha msingi, magunia husafirishwa hadi ghala kuu, yanakopimwa tena, kisha huuzwa kwa mnada. Kati ya mizani hizo mbili uzito hupungua. Korosho hupoteza unyevu, na wenyewe huita upungufu huo unyaufu. Ugomvi wa zamani ni kwamba jina hilo hilo huweza kufunika wizi. Mizani inayotuma kipimo moja kwa moja, pamoja na saa na namba ya mkulima, haizuii korosho kukauka, ila inaonyesha kilo zilipungulia wapi. Gunia linalopoteza uzito mwingi zaidi usiku mmoja barabarani kuliko mwezi mzima ghalani linadai maelezo.

Hospitali na viwanja vya ndege hufuata kanuni ileile. Chupa ya damu hubeba msimbo unaotambulisha uchangiaji na kundi la damu, na hulinganishwa na utepe wa mkononi wa mgonjwa kabla ya kuongezwa. Mashirika ya ndege nayo, kwa kanuni ya IATA iliyoanza Juni 2018, hutakiwa kurekodi begi linapopokelewa, linapopakiwa, linapokabidhiwa kwa ndege nyingine na linapomrudia abiria.

Mahali ambapo mifumo hii hulegea zaidi ni kwenye mazoea ya kazi. Mpakuaji mwenye haraka husoma katoni moja na kubonyeza 40, badala ya kuzisoma arobaini zote. Kama ndani ya paleti mna katoni za ladha nyingine, rekodi inakuwa imeharibiwa na mashine iliyonunuliwa kuisafisha. Dereva wa foklifti huhamisha paleti kupisha nyingine bila kusoma rafu mpya, na tangu hapo mzigo upo ghalani lakini haupatikani. Lebo iliyochanika hubadilishwa kwa kunakili ya jirani yake. Kwa sababu hiyo ghala zinazosimamiwa vizuri hazijaacha kuhesabu kwa macho: kila siku rafu chache huchaguliwa, vilivyopo hulinganishwa na rekodi, na tofauti hufuatiliwa hadi kwenye zamu na hatua ambayo usomaji ulirukwa.