Habari za Ujiji na Kigoma, Mji Uliohamishwa na Maji

Nimeagizwa kunena habari za mji wetu. Wengi hudhani ya kuwa habari za mji ni habari za watu wakubwa waliopita humo. Hao nitawataja, walakini neno langu hasa ni maji. Maana maji ndiyo yaliyouhamisha mji huu, na hata leo hayajatulia.

Tazameni kwanza jinsi nchi ilivyokaa. Ziwa Tanganyika lina urefu upatao kilomita 670, na kina chake hufika mita 1,470. Duniani ziwa moja tu lalipita kwa kina, ndilo Baikal katika nchi ya Urusi. Mito mingi huliingia, kama Rusizi upande wa kaskazini, na Malagarasi kusini ya Ujiji. Lakini mto wa kuyatoa maji ni mmoja tu, Lukuga, ng'ambo ya magharibi, upelekao maji Kongo. Shikeni jina hilo.

Ujiji ndio mkubwa kwa umri. Pwani yake ni tambarare, na mitumbwi hupandishwa mchangani bila taabu. Kwa hiyo soko lilikuwapo pale tangu zamani, la samaki, na mawese, na chumvi ya Uvinza. Kisha wafanya biashara wa pwani ya bahari wakaja, wakajenga, wakaufanya kituo cha pembe na watumwa. Watu waliotekwa Manyema walivushwa ziwa, wakaanza hapa safari ya miguu mpaka Bagamoyo. Waalimu, msiwafiche watoto jambo hili. Wazao wa watu wa Manyema wangalipo Ujiji, na mji ni wao kama ulivyo wetu sisi Waha.

Februari 1858 walifika Burton na Speke. Mwaka wa 1871 Stanley alimkuta Livingstone, na kila mtoto ajua habari za salamu yao. Wachache wajua kazi waliyoifanya baadaye: walipanda mtumbwi wakaenda kaskazini, wakaona kwa macho yao kwamba Rusizi huingia ziwani wala hautoki. Hivyo yakaanguka maneno ya waliosema kuwa mto ule huyapeleka maji yetu mto Nile. Kwangu mimi kazi hiyo yaipita salamu.

Waprotestanti wa London walifika Ujiji mwaka wa 1878, na Mapadre Weupe wakafuata Januari 1879. Siku zile zile likatokea jambo la Lukuga. Kwa miaka mingi mlango wa mto ule ulikuwa umezibwa kwa mchanga na majani, na ziwa likawa likipanda. Ndipo kizuizi kikavunjika, maji yakatoka kwa nguvu. Bwana Hore, baharia wa misioni ya London, aliweka alama pale Ujiji mwaka wa 1879, akaona maji yakishuka mwezi kwa mwezi. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka yapata mita 10. Mahali palipo tambarare, maji yakishuka kidogo tu, pwani huenda mbali. Leo mgeni akisimama penye mnara wa Livingstone hushangaa kuona nchi kavu mbele yake.

Basi Wajerumani walipotafuta bandari ya reli waliiacha Ujiji, wakachagua ghuba ya Kigoma, yenye kina na vilima vya kuikinga na upepo. Gari la moshi kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250, lilifika Februari 1914. Nyuma yake ikaja meli Graf von Götzen, vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka wa 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaipaka mitambo yake mafuta, wakaizamisha wenyewe, Wabelgiji wasiipate. Waingereza waliiinua mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Tangu hapo Ujiji na Kigoma zimekua zikielekeana hata zimekuwa manispaa moja. Hesabu ya mwaka wa 2012 ilipata watu 215,458. Katikati yake ndipo petu Katubuka. Nasi tulijenga bondeni, mahali ambapo maji ya mvua hukusanyika yasipate njia ya kutoka. Mvua kubwa za miaka ya 2020 hadi 2024 zililipandisha ziwa tena. Maji yakaingia nyumba za watu Bujumbura na Uvira, na hapa bwawa letu likafuata watu majumbani.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Kila shule na ichimbie nguzo moja ukingoni mwa bwawa, iliyotiwa alama kwa kila sentimita 10, na wanafunzi wa darasa la juu waandike daftarini kila Jumamosi maji yalipofika, pamoja na tarehe. Nguzo ya mvule yafaa zaidi, kwa kuwa haiozi upesi. Tuanze kabla ya mvua za Novemba.