Kiini na Ganda: Muundo wa Ndani wa Chembe Nano na Umeme wa Seli za Jua za Kikaboni

Iko hoja inayorudiwa mno katika taaluma yetu: kwamba seli za jua za kikaboni zinazotengenezwa kwa chembe nano hutoa umeme haba kwa sababu chembe zenyewe ni kubwa mno. Wanaoishikilia hukumbusha kwamba eksitoni, ile jozi ya elektroni na tundu inayozaliwa polima inapofyonza mwanga, husafiri nanomita 10 hivi kisha hufa. Basi, husema, punguzeni chembe zikaribie kipimo hicho na umeme utafuata. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili naikataa. Namna ya kuzitengeneza mnaijua: polima na fulereni huyeyushwa katika klorofomu, zikapigwa kwa mawimbi ya sauti ndani ya maji yenye sabuni, kisha klorofomu ikavukizwa.

Tuchukue chembe ya polima P3HT na fulereni PCBM yenye kipenyo cha nanomita 60. Hadubini ya eksirei imekwisha kuonyesha kwamba vitu hivi viwili havichangamani sawasawa ndani yake. P3HT, yenye nishati ndogo zaidi ya uso, hukaa nje ikawa ganda, na PCBM hujikusanya katikati kama kiini cha yai. Kiini kikichukua nusu ya ujazo, nusu-kipenyo chake ni nanomita 24 hivi, na ganda lina unene wa nanomita 6 tu. Kwa hiyo eksitoni zinazozaliwa ndani ya ganda tayari zimo katika masafa yake. Mpakani zinafika, na chaji zinatengana. Shida huanzia hapo. Elektroni huingia kwenye kiini, na kiini kimezingirwa pande zote na ganda ambalo ni njia ya matundu, si ya elektroni. Punguza kipenyo hadi nanomita 30: ganda huwa na nanomita 3, lakini elektroni bado imezingirwa. Ataniambia mtu kwamba ganda jembamba ni rahisi kuvukwa. Ni kweli, ila katika utando wa unene uleule elektroni sasa ina chembe maradufu za kupita, na eneo la uso kwa kila gramu nalo limeongezeka maradufu, likidai sabuni maradufu, na sabuni haipitishi umeme. Tena, ganda halisi si P3HT tupu. Lina kiasi fulani cha PCBM, na naamini ni mchanganyiko huo ndio unaoiachia elektroni upenyo wa kutoka.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote kwamba mpangilio wa ndani ndio unaoamua umetoka nje kidogo ya seli za jua, katika utafiti wa Kosco na wenzake uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Materials. Walichukua polima PTB7-Th na kipokezi cha elektroni EH-IDTBR, wakatengeneza chembe ndani ya maji ili zizalishe haidrojeni kwa mwanga. Walipotumia sabuni ya kawaida ya SDS walipata kiini na ganda. Walipotumia TEBS, sabuni yenye kipande cha thaiofini, polima na kipokezi vilichangamana, na uzalishaji wa haidrojeni ukaongezeka kama mara kumi. Malighafi ni zilezile, mwanga ni uleule. Kilichobadilishwa ni sabuni, na sabuni ikabadili mpangilio wa ndani. Wapo watakaosema haidrojeni si umeme. Lakini katika kazi zote mbili chaji sharti ifike kwenye uso wa chembe kabla ya kufanya lolote, na safari hiyo ya kwanza ndiyo tunayoijadili.

Wengine husema moto hutibu yote: pasha utando joto, chembe ziungane, kiini kisahaulike. Moto husaidia, lakini ukizidi PCBM hujikusanya katika mabonge makubwa, na muundo tuliohangaika kuujenga majini unapotea. Na wanaotulinganisha na seli zinazotengenezwa kwa viyeyusho vya kikaboni badala ya maji, zilizofikia ufanisi wa asilimia 20 hivi, wana haki ya kudai zaidi. Hata hivyo, kundi lililofikia asilimia 7.5 mwaka 2018 kwa wino wa chembe nano lilifika huko kwa kutumia sabuni iitwayo poloksama na kuiondoa kwenye uso wa chembe. Halikufika kwa kuzikimbiza chembe ziwe ndogo zaidi.

Nadhani hoja ya ukubwa inadumu kwa sababu kipenyo ni rahisi kupima. Mtawanyiko wa mwanga hukipata kwa dakika chache, lakini hausemi neno kuhusu kilichomo ndani. Hadubini ya eksirei husema, ila huanza kupoteza uwezo wa kutofautisha sehemu zilizo chini ya nanomita 20 au 30. Kadiri tunavyozipunguza chembe bila kutumia hadubini ya elektroni juu ya sampuli zilizogandishwa, ndivyo tunavyojifungia nje ya mahali penyewe ambapo elektroni zinakwama.