Malipo ya kijiji: nani atoe nini?



Tumekuja kusema juu ya malipo, sababu yanaanza kuleta ugomvi kisimani na sokoni hapa Kabambare. Mwenyeji anasema: hawa wanachota maji yetu na hawatoi kitu. Aliyehama anajibu: sisi tulilipa njiani, kwenye kila bariera. Wote wawili wanasema kweli.

Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Basi pesa ya bariera isiyo na sheria wala karatasi si kodi, hata anayeidai akiwa na bunduki. Kifungu cha 175 kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria ya Oktoba 2008 inazipa sekta na sheferi sehemu yake. Kwa miaka mingi majimbo hayakupata fungu hilo kamili. Sekta ikikosa pesa toka juu, inamtazama mama mwenye kikapu cha mihogo. (Na mpokeaji mwenyewe mara nyingi hana mshahara.)

Linalotuuma zaidi ni la watoto. Kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, inatakiwa hukumu ya mahakama, yenye gharama na safari. Mama aliyejifungua porini akikimbia mapigano ya Salamabila, miaka ya 2017 hadi 2019, angefikaje ofisini? Aliyekaa kwake haoni gharama, aliyekimbia ndiye anayelipa. Sisi hatuoni haki hapo.

Tunaomba hivi. Mtoto akizaliwa hapa ugenini, mkubwa wa kijiji na mwakilishi wa waliohama waandike jina na siku, wamsindikize mama kwa mwandikishaji mapema. Msingoje kurudi nyumbani.

Kwa kisima na barabara, nyumba yenye shamba na ile isiyo na jembe zisitozwe sawa. Asiye na pesa atoe mikono siku ya salongo, na kazi yake ihesabiwe mbele ya wote. Aliyefika wiki hii mwacheni kwanza apumzike. Na kila anayelipa apewe karatasi, mwenyeji na mgeni.

Kamati ya kisima, tuanze na ninyi: mwezi uliopita mlipokea ngapi, na zilifanya kazi gani?